Kitufe cha Vuka Sasa

Kaka Kondo alipiga simu mara nne kabla ya saa nne asubuhi, na mara zote niliiacha iite mpaka ikanyamaza yenyewe. Ya tano nilipokea, kwa sababu kutopokea kulishaanza kunitisha kuliko kupokea.

"Semeni," akaniita.

"Abee, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Niko hapa Kibiti, nimevuka na maji ya alfajiri kwa ajili yako. Barua ya posa ya yule fundi imekaa kwangu siku arobaini. Leo nikirudi Salale nataka nirudi na neno. Ndiyo, au siyo. Ukinyamaza nitajua ni siyo, na barua nairudisha kwao mwenyewe."

"Unaondoka saa ngapi?"

"Boti ya Nyamisati inatoka maji yakijaa, saa kumi na moja. Nikichelewa nitaukuta mlango wa bahari umechafuka, na wewe unajua mlango ule. Nikishaswali alasiri nakupitia. Uwe na neno mdomoni."

Akakata. Niliketi kitandani, simu mapajani. Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu mwezi wa kwanza wa kumfahamu huyo fundi, Mudrick, Mungu anisamehe. Kilichonitisha ni kulisema. Niliwahi kusema neno kwa haraka mara moja maishani mwangu, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Mola wangu.

Nikajifunga mtandio, nikachukua mikeka yangu miwili, nikaenda dukani kwake. Ilikuwa Alhamisi, siku yetu.

Duka la Mudrick liko kandokando ya barabara kuu. Mbele anatengeneza simu na vijana wanacheza gemu za mpira. Nyuma kuna uwa mdogo wenye kivuli, na hapo ndipo tulipokuwa tukikaa, yeye, mimi, na dada yake Sihaba katikati yetu akisuka ukili wa mkeka. Sijawahi kukaa na Mudrick bila Sihaba. Hata siku Sihaba alipokwenda msalani nilisimama nikatoka barabarani mpaka aliporudi, na Mudrick hakucheka. Hapo ndipo nilipompenda zaidi.

"Wifi huyo," Sihaba akasema nilipoinama kuingia. "Umekonda. Au ndiyo kuogopa kaka?"

"Hebu niache, Sihaba. Bado mie si wifi yako."

"Bado. Sawa. Mie nasuka mkeka wa harusi ya watu nisiowajua."

Mudrick alinyanyuka kunipisha kiti. Ni mtu mrefu, mvi chache masikioni, vidole vimeungua kwa risasi ya kuunganishia waya. Alinitazama mara moja, akashusha macho haraka. Macho yale yalikuwa yameuliza na yalikuwa yanaogopa jibu, nami nikatazama mikeka.

"Kaka yako amefika," alisema.

"Amefika. Alasiri anakuja."

"Basi tuna muda wa kumaliza kitu kimoja." Akanigeuzia laptopu. "Gemu nimelifupisha, bi Semeni. Nataka wewe uwe wa kwanza kulimaliza."

Hapa nieleze, maana watu wengi Kibiti walidhani nakwenda kwa Mudrick kufuata mambo mengine. Mwaka jana nilimpelekea simu inayogoma kuchaji, nikamkuta anachora mikoko kwenye laptopu. Alikuwa anatengeneza gemu la safari. Binti anayeitwa Mwanamkuu anapiga kafi ndani ya delta kumtafuta baba yake aliyekwenda kukata boriti na hakurudi. Nilisimama nyuma yake nikatazama, nikashindwa kujizuia.

"Maji yako haya ya uongo," nikamwambia.

"Kivipi, dada?"

"Yanajaa saa ileile kila siku. Umezaliwa wapi?"

"Hapahapa barabarani."

"Ndiyo maana. Umeyapa maji saa za kazi kama benki. Maji ya kweli kila siku yanachelewa. Leo yakijaa saa kumi, kesho ni karibu na saa kumi na moja."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kisha akaomba nirudi nimwonyeshe uongo mwingine. Nikarudi Alhamisi, siku yangu ya kuuza mikeka, na Alhamisi iliyofuata, na zote baada ya hapo.

Gemu lilianza na vijito saba. Mwanamkuu akimaliza cha saba anafika mlango wa bahari, pale mto unapoingia baharini, anavuka, anamkuta baba yake ng'ambo. Lakini kila nilipokaribia cha saba, Mudrick alikuwa ameongeza cha nane. Nikikaribia cha nane, kuna cha tisa. Sasa vilikuwa kumi na tisa. Sikumuuliza kwa nini. Nami nilikuwa siutaki mlango ule ufike.

"Niliwapa vijana watatu wa Dar walicheze," Mudrick akasema. "Wamenitumia sauti. Sikiliza."

Akabonyeza simu, kijana mmoja akasema, "Mzee, gemu kali, michoro imekaa poa, ila linavuta mno, linachosha. Katikati pale tunapiga kafi tu, hakuna kinachotokea. Mimi kijito cha kumi na mbili nilisinzia kabisa, nikaamka pedi ya kuchezea iko sakafuni."

Sihaba akapiga makofi. "Si nilisema? Baba wa mtoto amepotea mwaka mzima, boriti zenyewe zimeshaliwa na mchwa, bado huyu anamzungusha binti wa watu mikokoni."

"Sihaba."

"Sihaba nini? Mwambie mwenzio kwa nini unaongeza."

Mudrick alishika waya mfupi akaukunja, akaukunjua.

"Kila likikaribia kuisha," alisema, akiuambia ule waya, "naziona Alhamisi zinaisha. Nikawa naongeza kijito. Sikuwa nafikiria mchezaji. Nilikuwa nafikiria wewe ukilimaliza utakuja kufanya nini hapa."

Ningekuwa binti wa miaka kumi na nane ningefurahi. Mimi nina thelathini na nne, na niliposikia maneno yale niliogopa, kwa sababu yalikuwa mazuri mno.

"Na sasa umekata vingapi?" nikauliza, ili nipate pa kushika.

"Hakuna. Vijito nimeviacha. Nimekata kungoja. Pale mlangoni ilikuwa unakaa mpaka maji yabadilike, watu wangechoka. Nimeweka kitufe. Cheza uone."

Nikashika pedi. Alikuwa ameniweka karibu na mwisho, kijito cha kumi na tisa. Nikampitisha Mwanamkuu chini ya mizizi ya mikoko, mbele kukafunguka, weupe mtupu. Mlango wa bahari. Nikasikia upepo kwenye spika. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu kwenda baharini na upepo wa bahari unaingia, na vilipokutana katikati mawimbi yalisimama wima. Alikuwa amechora vizuri mno. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe.

Chini ya kioo pakatokea kitufe chekundu. VUKA SASA.

Sikukibonyeza.

Miaka mitatu nyuma, jioni ya kuamkia Idi, nilikuwa kisiwani kwetu Salale na wageni wamejaa uani, na mume wangu Nassibu alikuwa ng'ambo ya mlango na mchele na mbuzi. Nikampigia. Akaniambia, maji yanatoka mke wangu, nangoja yageuke. Nikamwambia, wageni wanakaa na njaa, unaniaibisha, vuka tu, wewe si mtoto. Akacheka. Akasema, haya bibiye. Lilikuwa neno lake la mwisho kwangu. Mbuzi alifika ufukweni akiwa hai.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, sikutoka, sikujipamba. Eda ina siku zake na siku zikatimia. Hofu yangu haikuwa na hesabu. Kila mtu aliyenipa pole nilitaka kumwambia, ni mimi, na kila mara ulimi ulilala.

"Bi Semeni?" Mudrick akaita. "Umekwama? Bonyeza hapo chekundu."

"Kiondoe."

"Nini?"

"Hicho kitufe. Kiondoe, fundi. Nakuomba."

Sauti ilinitoka vibaya. Sihaba aliacha kusuka. Nilikuwa nimeiweka pedi chini kwenye mkeka, mbali na mimi, kama kitu kinachouma.

Mudrick hakuuliza kwa nini. Alingoja. Akajisogeza kiti nyuma kidogo, nipate hewa. Baadaye akasema taratibu, "Nikikiondoa, watakaa hapo hawana la kufanya. Watasema linavuta."

"Kungoja hakuvuti. Kunakovuta ni kuzunguka." Nilisema bila kumtazama, nikaona maneno yananisaidia kupumua. "Vijito vyako kumi na viwili vya katikati mtu anazunguka tu, hajui anakwenda wapi. Hivyo vikate. Pale mlangoni anajua anachongoja. Hapo hachoki, akikiona kinakuja."

"Atakionaje?"

"Kwetu mtu akikuta maji yanatoka, anakata kijiti, anakichomeka pale maji yalipoishia. Anakaa. Anaona maji yanakimbia kijiti, yanakwenda mbali, yanasimama. Halafu yanarudi. Yakikigusa kijiti, anavuka. Nimewaona wazee wamekaa hivyo asubuhi nzima, na sijamsikia hata mmoja akisema amechelewa."

Mudrick alinitazama sana, kisha akavuta laptopu. "Kijiti," alisema peke yake. "Maji tayari yapo. Ni kuchora kijiti na kuondoa kitufe. Ikae muda gani?"

"Muda wa kuswali rakaa nne bila haraka."

"Ni mrefu huo, kwa gemu."

"Watakaokaa ndio wachezaji wako."

Akainama akafanya kazi. Adhana ya alasiri ikaita. Sihaba nami tukaswali ndani, Mudrick akaenda msikitini akarudi, akaendelea. Nilikuwa nasikia kila bodaboda inayopita, na kila moja nilidhani ni ya kaka.

Moja ikasimama kweli.

Kaka Kondo aliingia uani bila kuvua kofia. Ni mtu mfupi, mpana, mikono ya kafi. Aliitikia salamu, akatazama pedi, akatazama laptopu, akamtazama Mudrick kuanzia miguuni.

"Kwa hiyo ndiyo kazi hii," akasema. "Mtu mzima mwenye mvi."

"Ndiyo hii, kaka," Mudrick akajibu. "Na simu natengeneza."

"Kupiga kafi unajua?"

"Sijui."

"Kuogelea?"

"Kidogo. Bwawani."

"Bwawani." Kaka akanigeukia. "Semeni, pikipiki inanguruma nje. Nikikaa hapa nusu saa nitaukuta mlango umechafuka. Ndiyo, au siyo?"

Ilinijia kwamba kila dakika ninayonyamaza namsukuma kaka yangu kwenye maji yanayotoka, na nikilitoa neno kwa haraka ili awahi, ni kosa lilelile. Nilikuwa nimebanwa kama samaki kwenye uzio.

"Kaka, kaa," nikasema.

"Sina muda wa kukaa."

"Kaa, kaka Kondo. Nina neno la kwanza kabla ya hilo unalolitaka. Ukilisikia utaamua kama mimi ni mtu wa kuolewa au si wa kuolewa."

Alikaa kwenye ukingo wa ngazi. Nikamweleza. Simu ya kuamkia Idi, wageni, mbuzi, maneno niliyoyasema kama nilivyoyasema, bila kuyafunika. Sikulia. Nilitazama mikono yangu mpaka nikamaliza. Mudrick alikuwa ameacha kubonyeza. Sihaba alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya ukili.

"Yule alivuka kwa sababu yangu," nikasema. "Ndiyo maana nimenyamaza siku arobaini. Nikimwita mwanamume mwingine aje, naona namwitia maji."

Kaka Kondo alivua kofia. Nywele zake zilikuwa zimeanza kutoka utosini, sikuwahi kujua.

"Simu yake ilikuwa kwenye nailoni," alisema. "Aliifunga vizuri, haikulowa. Mimi ndiye niliyemtoa majini, mimi ndiye niliyeifungua. Nikaona jina lako."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ile."

"Miaka mitatu, kaka, hukuniambia."

"Ningekwambiaje?" Aliipindua kofia, akaipindua tena. "Juu kwenye orodha ya simu lilikuwepo jina lako. Chini yake lilikuwepo langu. Nilimpigia kabla yako, Semeni. Nilimwambia, shemeji, unaogopa maji siku hizi? Nilimdhihaki. Wewe ulimwambia avuke, lakini mimi ndiye niliyemtia aibu ya kungoja."

Nje pikipiki ilizimwa.

"Mimi sina neno na gemu," kaka akasema, sasa akimtazama Mudrick usoni. "Acheze mpaka meno yang'oke. Nimekuwa nikikataa moyoni kwa sababu hajui maji, na ukiolewa naye atakuwa anavuka kuja kwetu, misiba, Idi, kuzaa kwako. Nitakuwa nakaa ufukweni kila mara nikiutazama mlango. Siwezi tena. Nimeogopa, mdogo wangu. Ndiyo ukweli wenyewe."

Mudrick alinyanyua laptopu, akaishusha mbele ya kaka yangu, kwenye ngazi. Kitufe hakikuwepo. Kwenye matope ya ufukwe kilisimama kijiti chembamba, na maji yalikuwa yanakimbia mbali nacho, polepole.

"Sijui maji, kaka Kondo," akasema. "Lakini dada yako amenifundisha leo nini cha kufanya nisipojua. Nitakaa. Hata wakinipigia simu watu kumi, hata wakinicheka. Hata akinipigia yeye."

Kaka alitazama kijiti kile kwa muda. Kidole chake kinene kikagusa kioo. "Kimekaa kushoto mno," alisema. "Hapo tope ni laini, kitaanguka. Kilete huku kwenye mzizi."

"Nitakileta."

"Semeni," kaka akasema, na sauti yake haikuwa na haraka tena. "Sasa nakuuliza. Na boti iende zake ikitaka."

Hofu ilikuwepo bado, imekaa palepale chini ya kifua. Nilikuwa nimedhani nitaingoja iondoke ndipo niseme.

"Ndiyo," nikasema. "Nimeridhia. Mwambie mama na wazee, nimeridhia."

Sihaba alipiga kigelegele kifupi, akakimeza katikati, kwa adabu. Mudrick aliinamisha kichwa, nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyekuwa amebeba gunia tangu asubuhi na hakumwambia mtu. Aliponitazama safari hii hakushusha macho. Nami sikuyashusha yangu.

Kaka alivaa kofia akaenda. Saa kumi na nusu ilikuwa imepita. Nikamfuata mpaka barabarani.

"Kaka, ukiyakuta yameanza kutoka..."

"Nimezaliwa humo, Semeni."

"Na Nassibu alizaliwa humo."

Akapanda pikipiki, ikaondoka kuelekea Nyamisati, nami nikarudi uani nikaketi. Nilihesabu njia kichwani. Mchanga, madaraja, mteremko. Saa kumi na moja na nusu atafika. Maji yatakuwa yamegeuka. Manahodha wana haraka, abiria wana haraka, na yeye ana habari njema mfukoni. Mtu mwenye habari njema ndiye mwepesi wa kuvuka. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye simu, nikaurudisha, ukaenda tena.

"Mpigie," Sihaba akaninong'oneza.

"Nilishampigia mtu."

Mudrick hakusema usijali, wala hakusema Mungu yupo, ingawa yupo. Alikihamisha kijiti kwenye mzizi, akaiweka laptopu kwenye kigoda mbele yetu, pedi karibu na goti langu, akakaa upande wake wa Sihaba. Tukatazama. Maji yalikwenda mbali. Yakasimama. Tasbihi ilikuwa inapita vidoleni mwangu bila mimi kujua nimefika ngapi. Gemu lile halikunichosha hata kidogo.

Simu ikaita. Niliiacha iite mara mbili, nipate nguvu ya kuishika.

"Semeni."

"Kaka. Uko wapi?"

"Nyamisati. Boti nimeikuta, ilichelewa kujaza abiria, nahodha ananiita mpaka sasa, wamejaa humo wananicheka. Nimetazama maji nikakaa. Nalala hapa, navuka kesho na maji ya asubuhi."

Machozi niliyokuwa sijayatoa tangu asubuhi yalitoka yote.

"Unanisikia? Jibu lako litachelewa kufika kwa mama siku moja."

"Lichelewe, kaka," nikasema. "Lichelewe tu."

Nilipoiweka simu chini, Mudrick alikuwa ananitazama, hajauliza.

"Analala Nyamisati," nikamwambia. "Amengoja."

Alifumba macho, akayafumbua. "Alhamdulillahi."

"Mbu wa Nyamisati watamla mpaka asubuhi," Sihaba akasema akijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Haya, wifi. Tazama kioo. Mtoto wa watu amesimama hapo mwaka mzima."

Maji yalikuwa yamerudi. Yalikuja yakatambaa juu ya tope, yakazunguka mzizi, yakakigusa kijiti.

Nikachukua pedi nikamvusha.